Namba haizaliwi kwenye kompyuta: maoni yangu juu ya kozi ya DHIS2



Kila wiki kwenye makundi yetu mtu anauliza swali moja: "Nimemaliza licence, kazi hakuna, nifanye formasio gani?" Na kila wiki jibu ni moja: fanya DHIS2, zoni za afya zinatafuta watu, ONG zinatafuta watu. Jibu hilo si baya. Lakini sijaona mtu anayeichambua kozi yenyewe vile tunavyochambua kitabu: inafundisha nini vizuri, inaacha nini, na ukitoka nayo unaweza kufanya kazi gani ya kweli kwenye zoni kama zetu za Masisi na Walikale. Hapa nitajaribu kufanya hivyo. Mimi ni mtu wa agronomia, si muuguzi. Lakini namba za shamba na namba za wagonjwa zina ugonjwa mmoja, na mutaona ninachomaanisha.

Kwanza tumpe kila mtu haki yake. DHIS2 ni programu ya kukusanya na kuchambua habari za afya. Mizizi yake iko Afrika Kusini, miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ile nchi ilipotaka kuunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi ya ngozi. Leo inaendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na inatumika katika nchi zaidi ya 70. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi. Kenya ilikuwa ya kwanza katika Afrika yetu kusini ya Sahara kuitumia nchi nzima kwa njia ya intaneti, mwaka 2011. Kongo nayo ilifuata, na leo namba za SNIS, yaani mfumo wa taifa wa habari za afya, zinaingia humo, kuanzia kwenye zoni za afya hadi Kinshasa.

Kozi ya msingi inatolewa kwenye intaneti bila malipo. Unasoma kwa mwendo wako, unafanya mazoezi, unajibu maswali, unapata cheti. Kwa kijana wa Bihambwe asiye na nauli ya kwenda Lomé au Kampala kwa mafunzo ya ana kwa ana, ambayo yanalipiwa, hii si zawadi ndogo. Shida ni mega na umeme, lakini hiyo si kosa la waalimu.

Na kozi inafundisha vizuri. Jambo lake zuri kuliko yote ni maswali matatu. Inakwambia kwamba kila namba ya afya lazima ijibu: nini, wapi, lini. "Watoto 37" peke yake si kitu. "Watoto 37 wenye surua, eneo fulani la afya, mwezi wa tatu" hiyo sasa ni habari. Mtu aliyeshika maswali hayo vizuri hawezi tena kudanganywa na ripoti yenye namba zinazoelea hewani. Nawashauri wote, hata wale wa sheria na ualimu, muichukue kozi kwa ajili ya somo hilo tu.

Sasa nianze ugomvi wangu.

Ukisikiliza mafunzo haya, mengi ya mtandaoni na yale ya siku tano kwenye hoteli yenye posho, utafikiri kazi inaanza pale unapofungua mashini. Namba iko tayari kwenye karatasi, wewe unaiingiza, unachora grafiki, unapaka ramani rangi, dashibodi inang'aa. Lakini ile karatasi ilitoka wapi? Nani aliiandika, saa ngapi, akiwa amechoka namna gani?

Tufuate njia ya namba moja. Mama anafika kwenye kituo cha afya na mtoto mwenye homa. Muuguzi anampima, anaandika mstari mmoja kwenye rejista ya wagonjwa. Kuna rejista nyingine ya CPN kwa wenye mimba, nyingine ya uzazi, nyingine ya chanjo. Mwisho wa mwezi mtu anakaa chini na rejista zote hizo, anahesabu mistari kwa kidole na biki, anajaza fomu ndefu tunayoita kanevasi. Kanevasi inashuka kwa pikipiki au kwa miguu hadi ofisi kuu ya zoni ya afya, BCZ. Pale njo mtu wa kompyuta anaiingiza kwenye DHIS2. Halafu Divizioni ya afya ya mkoa inaona, halafu Kinshasa, halafu Geneva.

Yule anayehesabu kwa kidole ni nani? Ni muuguzi mkuu wa kituo, "infirmier titulaire". Na sisi wote tunamwita kwa herufi mbili: IT. Wenzetu wa Nairobi wakisikia IT wanafikiri kompyuta. Kwetu i-te ni mtu mwenye blouse nyeupe, ambaye asubuhi alizalisha, mchana akachanja, jioni akashona jeraha, na usiku anajaza kanevasi kwa mwanga wa telefone. Yeye ndiye mfanyakazi wa kwanza wa teknolojia ya habari za afya katika nchi hii, hata kama hajawahi kushika kompyuta. Mafunzo mengi yanamtaja kama "chanzo cha data". Sisi tunaotafuta cheti tunajiandaa kuwa wakubwa wa kazi ambayo yeye anaifanya, bila kujua anaifanya namna gani.

Matokeo yake yanaonekana pale tunapopima ubora. Vipimo viwili vinavyopendwa sana ni ukamilifu na kufika kwa wakati: je, vituo vyote vimetuma kanevasi? Zimefika kabla ya tarehe? Ni vipimo vya lazima, sikatai. Lakini kanevasi yenye namba za kubuni inaweza kuwa kamili asilimia 100 na ikafika siku mbili mapema. Mfumo utaipaka rangi ya kijani. Programu iko na sheria za kukagua, kwa mfano itakushtua kama wenye chanjo ya tatu ni wengi kuliko wenye chanjo ya kwanza. Ni nzuri. Lakini namba ya uongo iliyopangwa vizuri inapita salama. Anayeweza kuikamata ni mtu aliyefungua rejista na kuhesabu mistari upya, na kazi hiyo haifanyiki kwenye skrini.

Jambo la pili ni zito zaidi, na hapa njo agronomia inanisaidia. Ukiniambia mkulima wa Matanda amevuna kilo 800 za maharagi, siwezi kumsifu wala kumlaumu. Nitakuuliza kwanza: kwenye shamba la ukubwa gani? Kilo bila hekta ni hadithi. Kwenye afya vilevile: wagonjwa au wachanjwaji bila idadi ya wakaaji ni hadithi. Ile namba ya chini, wanaiita denominateri, njo inaamua kama umefanya vizuri au vibaya.

Sasa, namba ya chini ya kwetu inatoka wapi? Kongo ilihesabu watu wake wote mara ya mwisho mwaka 1984. Baba yangu alikuwa kijana. Tangu hapo watu wanakadiriwa: unachukua namba ya zamani, unaongeza asilimia kila mwaka, mara nyingine mareko wanapita nyumba kwa nyumba kuhesabu upya. Kisha unapiga asilimia za kawaida: wenye mimba ni 4 kwa 100 ya wakaaji, na kadhalika. Kwenye mji uliotulia hesabu hiyo inaweza kusaidia. Kwetu?

Tufanye mfano wa kubuni, muchukue kalamu. Eneo moja la afya limeandikwa watu 10,000. Basi kwa mwaka tunangojea wenye mimba 400. Wakimbizi 4,000 wanafika na kukaa mwaka mzima. Kituo kinapokea kwenye CPN ya kwanza wamama 420. Dashibodi inasema: 420 kwa 400, asilimia 105! Watu wanapiga makofi. Lakini watu wa kweli ni 14,000, wenye mimba ni 560, na 420 kwa 560 ni asilimia 75. Wamama 140 hawakuonekana na mtu yeyote, na rangi ya kijani imewafunika.

Sasa geuza. Mwaka unaofuata vita vinafika palepale, wanabaki watu 6,000 tu. Wenye mimba wa kweli ni 240. IT anafanya kazi kama punda, anapokea 200, yaani asilimia 83. Dashibodi bado inagawanya kwa 400: asilimia 50. Kwenye mkutano wa mwezi anaulizwa mbele ya wenzake mbona kituo chake kimelala. Huyo ndiye muuguzi tunayemvunja moyo kwa hesabu yetu.

Musifikiri huu ni mfano wa darasani tu. Mwezi wa pili 2024 watu wa Sake na vijiji vya juu walimiminika kuelekea Goma. Mwisho wa mwezi wa nne mwaka huohuo Rubaya ikabadilisha mikono. Mwezi wa kwanza 2025 Goma nayo. Mwezi wa pili kambi za pembeni ya mji, kama Bulengo, zikavunjwa na watu wakabeba mashuka wakarudi njia ya Masisi. Ongeza wachimbaji wa koltani wanaoingia na kutoka Rubaya kulingana na bei, wengi wao wanaume vijana, ambao wanavuruga hata ile asilimia ya wenye mimba. Katika mwaka mmoja na nusu watu wa barabara hii wamehama mara mbili, mara tatu. Kozi inakufundisha mahali pa kuweka namba ya chini kwenye programu. Haikufundishi kuishuku, wala namna ya kuitafuta upya na mareko, machifu, wenye makanisa na waalimu wa shule. Na dawa, chanjo, vifaa vya uzazi vinagawanywa kwa kufuata namba hiyohiyo. Namba ikikosea, kuna mtoto atakayekuta friji ya chanjo ni tupu.

Nitaje na tarehe, maana swali la "lini" kozi inaliona kama rahisi. Mtoto aliugua lini, alizaliwa lini? Mama anajibu: "Alizaliwa ile wakati watu wa Sake walikimbia," au "tulikuwa tunapalilia maharagi ya sezoni B." IT anapaswa kugeuza maneno hayo kuwa mwezi na mwaka, kwa lugha ya Kifaransa, kutoka Kihunde, Kinyarwanda au Kiswahili, na nyuma ya huyo mama kuna foleni. Kuna njia ya kufanya kazi hiyo vizuri: kuandaa kalenda ya matukio ya eneo, yenye misimu ya kilimo, vita, sikukuu, mwaka ule daraja lilibebwa na maji. Hapo mtu wa agronomia na mtu wa historia wanaweza kusaidia kituo cha afya kuliko mtu wa grafiki. Je, umeshaona formasio inayofundisha hilo?

Kuna watakaosema: hayo ni mambo madogo ya kijijini, mfumo unaangalia picha kubwa. Nawakumbusha Ebola. Ilitangazwa kwetu Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Mwezi wa nane 2019 ilifika hadi Pinga, Walikale. Kuizuia kulitaka kujua kila mgonjwa aligusa nani, analala wapi, jina lake la nyumbani ni lipi, kwa sababu jina la kitambulisho hakuna jirani anayelijua. Habari hiyo ilikusanywa na watu waliotembea, waliosalimia, waliofukuzwa mlango mmoja wakabisha mwingine. Kompyuta ilipanga kazi yao vizuri. Lakini orodha ikiwa na jina lisilo la kweli, kompyuta inapanga uongo kwa haraka.

Halafu kuna siri. Kozi inafundisha nywila na nani ana haki ya kuona nini. Sawa. Sheria pia ipo: Kanuni ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Lakini kwetu hatari ya kwanza ni rejista yenyewe juu ya meza, yenye jina la msichana, kijiji chake, na sababu iliyomleta kituoni. Mahali ambapo wenye silaha wanabadilika, rejista ya aliyebakwa inawekwa wapi? Nani anashika ufunguo? Wakikimbia, inabebwa au inafichwa? Mtu anayejiita mtaalamu wa habari za afya Masisi na hana jibu la maswali hayo, bado hajaiva, hata cheti kikiwa na rangi nne.

Tuangalie majirani kidogo, juu tusilie tu. Kenya imefanya kazi hii kuwa taaluma kamili: vyuo vyao vya utabibu vinafundisha rekodi na teknolojia ya habari za afya kama diploma yake, na mwaka 2016 walipitisha sheria ya kusimamia wanaoifanya. Tanzania, Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya mifumo ya habari za afya. Kwetu, ISTM zinafundisha wasimamizi wa taasisi za afya, na vyuo vya informatiki vinatoa wataalamu wa kompyuta. Lakini wengi wanafika kwenye data ya afya kwa mlango wa pembeni: muuguzi aliyepewa mashini, au mwana-informatiki aliyekutana na neno "CPN" siku ya kwanza ya kazi. Mmoja anajua mgonjwa, mwingine anajua mashini, na katikati yao rejista imebaki yatima. Na ajira nyingi zinafuata mradi: miezi sita, mradi unakwisha, anayejua anaondoka na elimu yake.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kozi ni hii. Kama mlango wa kuingilia, ni nzuri, ichukueni. Kama maandalizi ya kazi ya zoni zetu, ni nusu. Na kosa kubwa si la Oslo: wao wameandika kozi ya nchi zaidi ya 70, hawawezi kuandika ya Bihambwe. Kosa ni letu na la wanaoandaa mafunzo hapa, wanaotafsiri slaidi na kuziita formasio.

Ile nusu nyingine ingefanana na nini? Sioni kitu cha gharama kubwa. Wiki mbili kituoni kabla ya kugusa kompyuta: kaa na IT, hesabu mistari ya rejista ya mwezi uliopita, linganisha na kanevasi iliyotumwa, andika tofauti, ongea naye bila kumtisha. Siku tatu na mareko kuhesabu nyumba za eneo moja, waliohama na waliofika. Siku moja kuandaa kalenda ya matukio. Siku moja juu ya siri na kukimbia. Kisha mkutano wa mwezi, pale ma-IT wanapoleta kanevasi zao: kaa nyuma, sikiliza namba zinavyotetewa. Na mwisho, rudi kwa CODESA, kamati ya eneo, uwaonyeshe wazee na wamama namba yao wenyewe kwa lugha yao. Kijiji kisichoona namba yake hakina sababu ya kusema ukweli mara ya pili. Baada ya hapo fungua DHIS2. Utaona maswali matatu ya kozi yamekuwa matano: nini, wapi, lini, kati ya wangapi, na nani alihesabu.

Wenye licence ya fani nyingine musijitoe. Mtu wa sosholojia anajua kuuliza nyumba, mtu wa hesabu anajua kukadiria, mtu wa sheria anajua siri, sisi wa agronomia tunajua misimu na sampuli. Andikeni barua kwa BCZ muombe staji, hata ya mwezi mmoja. Nenda na daftari, si na mashini. Na ukifika kituoni, ukaulizwa umekuja kufanya nini, usiseme umekuja kufundisha IT. Sema umekuja kuhesabu naye.

Kama kuna mwenzetu aliyewahi kujaza kanevasi kwa mkono wake, namuomba aandike hapa chini anione nimekosea wapi au nimeacha nini. Huyo ndiye mwalimu tunayemkosa.